Alfred Fitzpatrick, mchungaji aliyeihamishia shule kambini

Tarehe 16 Juni mwaka 1936 alifariki dunia jijini Toronto, nchini Kanada, mchungaji wa Kanisa la Presbiteri aliyekuwa na umri wa miaka 74. Kwa zaidi ya miaka 30 mchungaji huyo hakuwa na usharika wa kuuchunga, wala mimbari ya kuhubiria kila Jumapili. Hakuoa, na hakuacha mtoto wa kurithi jina lake.

Alichoacha Alfred Fitzpatrick ni aina ya mwalimu. Mwalimu huyo huamka pamoja na vibarua kabla ya mapambazuko, hushika shoka, sululu au beleshi sawa na wao, hula chakula chao na kulala katika bweni lao. Jioni, wakati mwili wake nao umekwisha kuchoka, huwasha taa na kuwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu watu wale wale aliofanya nao kazi mchana kutwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki hataliona jambo hili kuwa hadithi ya mbali. Watanzania wenye umri mkubwa wanaikumbuka kampeni ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970. Wakenya wanalijua neno ngumbaru. Waliowahi kuishi karibu na mashamba ya mkonge ya Tanga wanajua jinsi manamba walivyokaa kambini, mbali na wake na watoto wao, wakitambulishwa kwa namba zao. Nao ndugu zetu waliohamia Toronto katika miongo ya karibuni, kutoka Mogadishu, Nairobi, Kampala au Bukavu, wengi wamepitia darasa la Kiingereza la jioni baada ya zamu ndefu kazini. Fitzpatrick alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo nchini humo kushikilia kwamba darasa la namna hiyo ni haki ya mfanyakazi, na kwamba anayemnyima haki hiyo anamdhulumu.

Kijana wa Pictou

Fitzpatrick alizaliwa tarehe 22 Aprili mwaka 1862 katika kijiji cha Millsville, wilaya ya Pictou, huko Nova Scotia, mashariki kabisa mwa nchi. Wakati huo Nova Scotia lilikuwa bado koloni la Uingereza lililojitegemea. Shirikisho la Kanada lilikuja kuundwa miaka mitano baadaye.

Pictou ilikuwa nchi ya wazao wa wahamiaji kutoka Scotland, na imani ya wengi wao ilikuwa ya Kipresbiteri. Katika mapokeo hayo kila muumini, awe mkulima au mvuvi, alitakiwa ajisomee mwenyewe Maandiko Matakatifu. Biblia ilikuwa kitabu cha dini na papo hapo kitabu cha kusomea. Mtoto alijifunza herufi ili afike kwenye Zaburi, na akiisha kufika huko hakuna aliyeweza kumzuia asisome gazeti, hesabu za mfanyabiashara, au mkataba uliowekwa mbele yake atie sahihi.

Hapa kwetu hali hiyo inaeleweka vizuri. Katika Buganda ya miaka ya 1880, waliofuata dini mpya waliitwa wasomaji, na kusoma kukawa na maana ya kuabudu. Mganda wa zama za Kabaka Mwanga na mkulima wa Pictou wangekutana, hapana shaka wangeelewana juu ya neno hilo, hata kama wasingeelewana juu ya jambo jingine lolote.

Lakini wilaya iliyowafundisha watoto wake kusoma haikuwa na ardhi wala kazi ya kuwatosha wote. Vijana waliondoka, wengine kwenda misituni na migodini magharibi ya nchi, wengine kuvuka mpaka na kuingia Marekani. Nyumba ya akina Fitzpatrick nayo ilipoteza watu kwa njia hiyo. Kaka yake Alfred, aliyeitwa Leander, aliingia katika kambi za wakata miti huko California, na habari zake zikapotea. Historia ya taasisi aliyoiunda Alfred inasimulia kwamba alipokwenda kuhudumu kama mmisionari katika misitu ya miti mirefu ya California, huko ndiko alikomkuta ndugu yake. Ni rahisi kudhani kwamba mtu aliyemtafuta ndugu yake wa damu kambini hawezi tena kuwaona watu wa kambini kama kundi lisilo na sura.

Kabla ya hapo alikuwa amesoma katika Chuo Kikuu cha Queen's, mjini Kingston, jimbo la Ontario. Mkuu wa chuo hicho, George Monro Grant, naye alitoka wilaya ya Pictou, na naye alikuwa mchungaji. Mwishoni mwa miaka ya 1880 chini yake Queen's ilianza kuwakubalia watu wasomee shahada wakiwa mbali na chuo, jambo geni katika Kanada ya siku hizo. Mwanafunzi wake kutoka Millsville alilichukua wazo hilo na kulipeleka mbali kuliko mwalimu wake alivyolipeleka.

Bweni la magogo

Mwaka 1899 Fitzpatrick alikuwa mchungaji wa Nairn Centre, kijiji kidogo kaskazini mwa Ontario, magharibi ya mji wa Sudbury. Kukizunguka kijiji hicho kulikuwa na misitu ya misonobari, na ndani ya misitu kulikuwa na kambi.

Kazi ya kukata miti ilifanyika wakati wa baridi kali, kwa sababu magogo huburutwa kwa wepesi juu ya theluji na barafu. Mito ikishayeyuka wakati wa kuchipua, maji huyachukua magogo hadi kwenye viwanda vya mbao. Kwa miezi kadhaa makumi ya wanaume waliishi katika bweni moja lililojengwa kwa magogo, vitanda vya ghorofa vikiwa vimepangwa kandokando ya kuta, jiko likiwaka katikati, na nguo zilizolowa zikining'inia juu yake. Hewa ilikuwa nzito na mwanga hafifu. Walitoka gizani na kurudi gizani. Jumapili, siku yao pekee ya mapumziko, walifua nguo, walicheza karata na kulala.

Msimu ulipokwisha, wengi waliingia mjini na mshahara wa miezi yote mfukoni, na baada ya siku chache baa zilikuwa zimeumaliza. Watu wa mjini waliwaona wakati huo tu, wakiwa wamelewa, na kwa hiyo waliwahukumu kwa siku hizo chache. Fitzpatrick aliuliza jambo lingine: ni nani aliyewahi kuwapa kitu kingine cha kufanya? Wahubiri walipita kambini, wakahubiri usiku mmoja, wakaondoka kesho yake. Serikali ilichukua ada ya miti, kampuni zilichukua mbao, miji ilijengwa kwa mbao hizo, na vyuo vikuu vilitegemea utajiri wa nchi uliotoka katika mikono hiyo. Aliyekata mti hakurudishiwa hata ubao wa kuandikia.

Kwa Fitzpatrick hilo lilikuwa suala la imani hasa. Aliamini kwamba dini inayomwacha mtu katika ujinga, kisha ikamlaumu kwa kuishi kijinga, imejihukumu yenyewe. Aliacha kazi ya usharika akaanza kuzunguka kwa wenye kampuni, akiwaomba wajenge kibanda kimoja tu kando ya bweni, kiwe na meza, taa na jiko, ili mtu anayetaka kusoma apate mahali pa kukaa.

Baadhi yao walikubali. Katika majira ya baridi ya mwaka 1900 na 1901 vibanda vya kwanza vya kusomea vilifunguliwa, na vitabu, magazeti na majarida vikakusanywa kutoka kwa wahisani. Fitzpatrick aliishawishi pia serikali ya Ontario ipeleke maktaba za kuhamahama, yaani makasha ya vitabu yanayosafirishwa kutoka kambi moja hadi nyingine. Chama chake kikajulikana kama Reading Camp Association, yaani Chama cha Kambi za Kusomea.

Mgeni apewa jembe

Haukupita muda kasoro kubwa ikaonekana. Kibanda kipo, taa inawaka, vitabu vimepangwa mezani, lakini wengi wa waliokusudiwa hawawezi kusoma. Waliangalia picha, wakazungumza kidogo, wakarudi kulala. Ilibidi apatikane mwalimu.

Walimu walipopatikana, likazuka tatizo la pili, gumu kuliko la kwanza. Mwalimu alikuwa kijana wa chuo kikuu, mikono yake laini. Mchana kutwa wakati wengine wako msituni, yeye alibaki kambini bila kazi. Jioni aliwangojea watu waliochoka ili awafundishe. Wao walimwona kuwa mgeni wa mabwana, na katika kambi mtu asiyefanya kazi hana heshima.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka 1902 kijana mmoja aliyeitwa Angus Gray, aliyekuwa mwalimu katika mojawapo ya kambi hizo, alichoka kukaa bure akaamua kwenda kufanya kazi pamoja na wanaume wengine. Mabadiliko yalionekana mara moja. Aliyesaidiana na mtu kuvuta msumeno asubuhi hakuwa mgeni tena jioni. Na mwanafunzi aliyejua kumfundisha mwalimu wake kunoa shoka hakuona haya kufundishwa na mwalimu huyo kushika kalamu.

Sifa ya Fitzpatrick katika jambo hili ni kwamba alitambua thamani ya kile alichokifanya Gray, akakifanya kuwa kanuni. Tangu wakati huo kila mwalimu aliyetumwa alikuwa mwalimu-kibarua. Kampuni ilimlipa kwa kazi ya mikono kama ilivyomlipa kibarua mwingine, na chama kilimwongezea kiasi kidogo kwa kazi ya jioni. Mnyapara hakupaswa kumpendelea.

Wengi wao walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Si wote waliostahimili. Baridi, chakula kile kile kila siku, malengelenge mikononi na wadudu wa kitandani viliwarudisha baadhi yao mjini mapema kuliko walivyokusudia. Waliobaki walifanya mambo mengi kuliko kufundisha: waliwaandikia wenzao barua za nyumbani, walisoma kwa sauti barua zilizojibiwa, walieleza maana ya karatasi za mishahara na makato yake, na walifunga vidonda.

Mmoja wa waliostahimili alikuwa Norman Bethune, mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri, aliyekatiza masomo yake katika Chuo Kikuu cha Toronto na mwaka 1911 akaenda kufanya kazi katika kambi ya wakata miti karibu na Whitefish, Ontario. Baadaye alikuwa daktari wa upasuaji, akaenda Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuanzisha huduma ya kuwapelekea majeruhi damu karibu na mstari wa mbele. Mwaka 1938 alikwenda China kuwatibu wapiganaji waliopambana na Wajapani, na mwaka uliofuata alifia huko kwa sumu iliyoingia mwilini kupitia jeraha la kidole alilolipata akifanya upasuaji. Mao Zedong alimwandikia makala ya ukumbusho iliyosomwa na mamilioni ya Wachina. Hatuwezi kusema kwamba kambi ya Whitefish ndiyo iliyomfanya Bethune. Lakini kijana aliyekwisha kulala katika bweni la magogo alikuwa na wepesi fulani wa kulala katika mapango ya China.

Reli na wageni

Kutoka misituni, walimu wa Fitzpatrick waliingia migodini na hasa katika kambi za ujenzi wa reli. Tukumbuke kwamba katika miaka ile ile reli kutoka Mombasa ilikuwa ikijengwa kuelekea Ziwa Victoria, nayo ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, ikiwa imetumia wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kwa mikataba. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Kanada nayo, kati ya mwaka 1903 na 1914, ilijenga njia mpya za reli kuvuka bara zima, kupitia miamba na vinamasi. Mikono iliyofanya kazi hiyo ilitoka Italia, Ukraine, Poland, Finland, Sweden na kwingineko.

Mwaka 1913 peke yake wahamiaji zaidi ya 400,000 waliingia Kanada, idadi ambayo haikufikiwa tena kwa zaidi ya karne moja, hadi mwaka 2021. Wengi hawakujua Kiingereza. Waliishi katika mahema na mabehewa ya mizigo, na wakandarasi wadogo waliwakata fedha za chakula, malazi na matibabu, mpaka wengine walimaliza msimu wakiwa na deni. Mtu asiyeweza kusoma karatasi ya makato hawezi kubishana nayo.

Aliyeyaandika mambo hayo kwa ukamilifu ni Edmund Bradwin, mwalimu-kibarua aliyekuja kuwa msaidizi mkuu wa Fitzpatrick na baadaye mrithi wake. Kitabu chake kuhusu watu wa mabweni ya reli kilitoka mwaka 1928, na hadi leo wanahistoria wanakitegemea. Bradwin alikuwa mtu wa takwimu na utaratibu. Fitzpatrick alikuwa mtu wa ndoto, na ndoto yake kubwa kuliko zote ilikuwa bado haijatajwa hadharani.

Chuo kikuu ndani ya ovaroli

Mwaka 1919 chama kilichukua jina la Frontier College, ambalo tunaweza kulifasiri kama Chuo cha Pembezoni, makao yake makuu yakiwa Toronto. Mwaka 1920 Fitzpatrick alitoa kitabu alichokiita, kwa tafsiri, Chuo Kikuu Ndani ya Ovaroli.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitekeleza. Kama mfanyakazi hawezi kukifuata chuo kikuu, basi chuo kikuu kimfuate mfanyakazi. Kimfuate msituni, mgodini, shambani na kwenye reli, kimfundishe kwa saa chache kila siku, na mwisho kimpe shahada ile ile anayopewa mtoto wa tajiri aliyekaa darasani miaka minne. Fitzpatrick hakuishia hapo. Alitaka pia msomi afanye kazi ya mikono, kwa kuwa aliona elimu isiyojua jasho kuwa nusu ya elimu. Wanawake nao hakuwasahau. Alidai nafasi hiyo hiyo kwa ajili yao.

Wasomaji waliopitia shule za Elimu ya Kujitegemea, wakalima asubuhi na kusoma mchana, watalitambua wazo hili, na huenda baadhi yao watatabasamu kwa kumbukumbu ambazo si zote tamu.

Mwaka 1922 Bunge la Kanada lilipitisha sheria iliyokipa Frontier College mamlaka ya kutoa shahada. Ulikuwa ushindi wa ajabu kwa taasisi isiyokuwa na jengo la kufundishia, iliyofundisha ndani ya mahema na mabehewa. Fitzpatrick aliwashawishi maprofesa wakubali kuwa watahini, akaandaa mihtasari ya masomo, na akatarajia kuwaona wachimba migodi wakivaa majoho.

Upinzani ulianza mara. Katiba ya mwaka 1867 iliyakabidhi majimbo madaraka ya elimu, na viongozi wa majimbo hawakufurahi kuona taasisi iliyopewa hati na bunge la taifa ikitoa shahada ndani ya mipaka yao. Vyuo vikuu navyo havikupenda. Vilikuwa radhi kumpa Fitzpatrick wanafunzi wao wakafundishe alfabeti wakati wa likizo, lakini shahada ilikuwa mali yao. Katika kukubali jambo la kwanza na kukataa la pili kuna siri ya heshima za kitabaka ambayo haihitaji kufafanuliwa.

Ni haki kusema pia kwamba mpango wenyewe ulikuwa na udhaifu. Mihtasari ilikuwa migumu, fedha hazikutosha, na mtu aliyechoka baada ya kazi ya siku nzima alihitaji moyo wa chuma kuendelea na masomo ya chuo kikuu kwa miaka mingi bila maktaba. Waliofika mwisho na kupata shahada walikuwa wachache sana. Wajumbe wa bodi waliona kwamba ndoto hiyo inahatarisha kazi nzima ya kisomo, nao wakataka iachwe. Fitzpatrick alikataa. Kwake, kumfundisha mfanyakazi herufi kisha kumwambia kwamba ngazi inaishia hapo ilikuwa ni kumdanganya. Mgogoro huo ulidumu kwa miaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 mpango wa shahada ulifutwa.

Uingereza ilikipa hati Chuo Kikuu Huria chake mwaka 1969, miaka 47 baada ya sheria ile ya Kanada. Tanzania ilianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992. Leo hakuna anayeshangaa kumwona askari au muuguzi akisomea shahada huku akifanya kazi.

Upande wa pili

Maisha ya Fitzpatrick hayawezi kusimuliwa kana kwamba alikuwa malaika. Mwaka 1919 alichapisha kitabu cha kiada kwa ajili ya wahamiaji, chenye masomo ya Kiingereza yaliyotokana na shughuli za kila siku, pamoja na maelezo ya serikali na uraia wa Kanada. Kama chombo cha kufundishia kilikuwa cha manufaa. Lakini kilizieleza jamii za wahamiaji kwa kuzipanga, baadhi zikisifiwa na nyingine, hasa zile za kutoka Asia, zikidharauliwa. Lengo la kumfanya mgeni awe Mkanada lilikuwa na maana ya kumfanya afanane na wazao wa Uingereza na Scotland. Mtu aliyeiona dhuluma ya tabaka kwa macho makali hivyo hakuuona vizuri ubaguzi wa zama zake, kwa sababu alikuwa ndani yake.

Kuna pia suala la kampuni. Mwalimu-kibarua aliingia kambini kwa idhini ya mwajiri. Baada ya mgomo mkuu wa Winnipeg wa mwaka 1919, wenye mali waliingiwa na hofu ya ukomunisti, na Frontier College haikusita kujieleza kwa wafadhili kuwa kinga dhidi ya hofu hiyo. Mfanyakazi akijua kusoma, je, atatulia au atadai zaidi? Fitzpatrick alijibu swali hilo kwa namna moja alipozungumza na matajiri, na vitabu vyake vinalijibu kwa namna nyingine, kwa kuwa humo anaishutumu waziwazi hali ya makambi na kuitaka serikali iingilie kati. Huenda alilazimika. Anayeomba ruhusa ya kuingia katika nyumba ya mtu huchagua maneno yake mlangoni.

Miaka ya mwisho

Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulifunga kambi nyingi na kukausha michango. Mwaka 1933 Fitzpatrick aliachia uongozi wa taasisi aliyoiasisi, na Bradwin akashika nafasi yake. Hakuondoka kwa furaha. Ndoto yake ya shahada ilikuwa imezikwa, na afya yake ilikuwa imedhoofika.

Mwaka 1935 alipewa nishani ya OBE ya Dola ya Uingereza. Mwaka uliofuata alifariki. Wakati huo walimu-vibarua walikuwa wakifundisha katika kambi mpya, zile ambazo serikali ilikuwa imeanza kuzifungua mwaka 1932 kwa ajili ya wanaume wasio na kazi, ambako mtu alilipwa senti 20 kwa siku pamoja na chakula na malazi.

Bradwin aliongoza Frontier College hadi alipofariki mwaka 1954. Katika miongo iliyofuata taasisi hiyo iliingia magerezani na katika mitaa ya Toronto, kuwafundisha vijana wasio na makao. Mwaka 1976 wataalamu wa elimu ya watu wazima kutoka pande zote za dunia walikutana Dar es Salaam, katika mkutano wa baraza la kimataifa lililoundwa na Mkanada J. Roby Kidd na lililokuwa na makao yake Toronto, na Mwalimu Julius Nyerere akawahutubia. Tanzania wakati huo ilikuwa katikati ya kampeni yake kubwa: watu wazima wasiojua kusoma, waliokuwa asilimia 67 mwishoni mwa miaka ya 1960, walipungua hadi chini ya asilimia 10 kufikia mwaka 1986. Mwaka 1977 UNESCO iliitunuku Frontier College kwa kazi yake ya kisomo.

Mwaka 2022 taasisi hiyo ilibadili jina na kuwa United for Literacy. Misitu ya Nairn haina tena mabweni ya magogo. Hata hivyo, tangu mwaka 1966 Ontario imekuwa ikipokea vibarua wa msimu kutoka Jamaika, na tangu mwaka 1974 kutoka Mexico, wanaovuna nyanya, matunda na tumbaku kwa miezi kadhaa na kurudi kwao kabla ya theluji. Katika mashamba hayo, hadi ndani ya karne hii ya 21, kulikuwa na kijana wa chuo kikuu aliyeinama nao kwenye matuta tangu asubuhi, na jioni akafungua darasa la Kiingereza.